Nazi Tatu Kizingitini

Kama unakula, weka sahani kando kwanza. Nitakayosema yananuka, na sina namna ya kuyasema yasinuke. Nimesikia wengi wakisimulia magonjwa yao kana kwamba walilala tu kitandani wakitazama dari na kumwomba Mungu. Mimi nilikalia debe. Lilikuwa debe la mafuta ya taa lililokatwa juu, kingo zake zimekunjwa kwa nyundo zisinichane, na ndilo lililokuwa kiti changu tangu mvua za kwanza mpaka watu walipoanza kupalilia. Ninaandika kwa ajili ya yule ambaye leo ana debe lake, na zaidi kwa ajili ya yule anayekaa naye chumbani na kumnyima maji.

Jina langu ni Kwandu, ingawa kambini waliniita Mama Rehema. Kwetu ni Mhunze, upande wa Shinyanga, lakini miaka hiyo, ya hamsini ikianza, nilikuwa naishi kwenye kambi ya mgodi wa dhahabu karibu na Geita. Mume wangu Sefu ni mtu wa Pangani. Alikuja bara kutafuta kazi, akawekwa kwenye mashine ya kusaga mawe, na kila alasiri alirudi na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Tulikuwa na chumba kimoja katika safu ndefu ya vyumba vya bati, na safu nzima ilitumia choo kimoja cha shimo. Mvua ziliposhuka mwaka huo, shimo lile lilijaa, likafurika, na vilivyokuwamo vikaja uani petu taratibu, vikipita chini ya kamba za nguo na karibu na mafiga. Nzi wakafuata. Walitua juu ya kila kitu, wakatoka chooni wakaja kwenye ugali bila hata kunawa. Juma lile lile nikaanza kuendesha.

Siku za mwanzo nilificha, maana mwanamke anaona haya kusema tumbo lake limelegea. Nilisingizia viazi vilivyolala. Halafu nikaona damu, na pamoja na damu ute kama kamasi ya mtoto mwenye mafua, na harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka mate yananijaa mdomoni. Nikamwambia jirani yangu Mama Yohana, mwanamke wa Kisumbwa aliyekaa chumba cha pili. Alinitazama, akaziba pua kwa kanga, akacheka kidogo. "Mama Rehema, huo si wa kuuficha, unajitangaza wenyewe." Akamchukua mwanangu Rehema akakae kwake, na nguo zangu chafu akaziloweka kwenye maji ya majivu bila kuombwa. Yule mama Mungu amlipe, maana nguo zile mimi mwenyewe sikuweza kuzitazama.

Zahanati ya kambi ilikuwa na benchi moja refu chini ya bati. Wanaume waliingia kwanza, hata aliyechubuka kidole, kwa kuwa ndio waliotoa mawe ardhini; wake zao tulisubiri. Nyuma ya zahanati kulikuwa na vichaka, na ukikaa pale benchini ulimwona mtu mmoja baada ya mwingine akiinuka ghafla, akikimbilia vichakani amejishika, kisha akirudi uso umesawijika kudai nafasi yake. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Siku moja nilichelewa kuinuka. Mwanamke aliyekuwa karibu nami, simjui jina mpaka leo, alivua upande wa juu wa kanga yake akanifunga kiunoni, akasogea kando kama hakuona lolote. Nililia kwa hasira. Niliuchukia mwili wangu, nikauchukia kama unavyomchukia mgeni mlevi aliyekuvunjia adabu mbele za watu.

Dawa ya kwanza ilikuwa chumvi ya haluli, kikombe kizima, eti inisafishe. Nani alimwambia bwana dresa, mtoa dawa wa zahanati, kwamba nilihitaji kusafishwa? Nilisafishwa mpaka miguu ikashindwa kunibeba. Baadaye alinipa vidonge vyeupe, vikubwa kama vifungo vya koti, vilivyonata kooni na kurudi pamoja na matapishi. Alimwambia Sefu jambo moja la maana, na sitamnyima sifa yake: "Anywe. Maji yachemshwe, anywe mengi." Tatizo ni kwamba wakati huo mlezi wangu hakuwa Sefu.

Sefu alikuwa amepeleka habari kwetu, na mama yangu akaja. Alipanda lori la pamba mpaka Shinyanga, treni mpaka Mwanza, akavuka ziwa huku akitapika, akapanda lori tena. Alifika na kifurushi cha mizizi na kaniki mbili. Nilimwamkia, "Shikamoo, mayu," na badala ya kuitikia alinishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikazunguka vikapitana. Akalia.

Lazima nieleze jambo la kwetu, au hutaelewa yaliyofuata. Mama na mkwe wake wa kiume hawakutani uso kwa uso. Hawali pamoja, hawaitani, hawaketi chumba kimoja. Akipita huyu, yule anajifunika au anageukia ukuta. Ni heshima, na mama yangu aliishika heshima hiyo kuliko mtu yeyote niliyemjua. Kwa hiyo alipoingia chumbani, Sefu alitoka. Akaenda kulala kwa rafiki yake safu ya pili. Kila alasiri akitoka kazini alikohoa kutoka mbali, mama akajifunika kaniki kichwani, na Sefu akaweka alichokileta kizingitini bila kutazama ndani. Kisha alikwenda kukaa chini ya paa la Mama Yohana, ametugeuzia mgongo, asikie kama bado ninapumua.

Na mama alikuwa na sheria yake. Aliipata kwa mama yake, na mama yake kwa wake: mwenye kuendesha hanyweshwi. Maji yanaulisha ugonjwa. Ukimwagia maji shimo linalobomoka, je, litasimama? Ndivyo alivyoniambia. Alinipa mizizi michungu niitafune, akanipa ugali mkavu wa mtama uliokaa siku nzima, na midomo yangu akailowesha kwa ncha ya kitambaa.

"Mayu, minzi," nilimwomba. Maji.

"Yakikauka ndani, utapona," alisema. "Vumilia, mwanangu."

Sefu aliongea kupitia Mama Yohana. Mama Yohana akasimama mlangoni akamweleza mama kwa Kisukuma cha kukwamakwama kwamba mume anasema, na dresa anasema, mgonjwa anywe. Mama alisikiliza kwa adabu. Akaitikia, "Wabeja," akamshukuru kwa kuleta maneno, na maji yaliyochemshwa akayamwaga nje ya dirisha. Mimi nililiona tone la mwisho likining'inia kwenye ukingo wa sufuria.

Utauliza kwa nini Sefu hakuingia akaninywesha kwa nguvu. Kuingia kungekuwa kumvua mama yangu nguo mbele ya kambi nzima. Mama angenibeba siku hiyo hiyo kunirudisha Mhunze, na njiani ningekufa. Alilijua hilo. Basi alikaa pale chini ya paa akiyauma mashavu yake kwa ndani, mpaka akatoa damu.

Wacha niseme kiu inavyomfanya mtu. Ngozi ya mkono wangu ukiibana ilibaki imesimama, haikurudi. Macho yaliingia ndani nikaona vivuli pembeni. Mate yaligeuka uzi. Bangili zangu za shaba zilinitoka mkononi zenyewe, zikaanguka ndani ya debe, na hakuna aliyezitoa. Mkojo haukuwepo tena. Nilisikia harufu ya maji. Wewe unayekunywa ukitaka hujui kwamba maji yana harufu, lakini yanayo, na nilikuwa naisikia yakipita uani kwenye ndoo za watu.

Asubuhi moja mama aliniosha kwa maji ya vuguvugu kwenye karai. Aliniosha nilikokuwa nimechafuka, unajua wapi. Akatoka kwenda kuanika matambara, na karai likabaki karibu na mkeka.

Nilitambaa. Nikatia uso ndani ya karai, nikanywa kama anywavyo ng'ombe. Maji yale yalikuwa na rangi, yalikuwa na vitu vinavyoelea, na yalikuwa na uvundo wangu mwenyewe. Nilikunywa huku nikitapika, nikanywa nilichotapika. Wakati huo yalikuwa matamu. Hilo ndilo linalonichefua kuliko vyote, kwamba yalikuwa matamu.

Mama alirudi akanikuta. Aliniinua kidevu, akaona kilichokuwa midomoni mwangu. Alitoka nje, nikamsikia anatapika ukutani, mara ya kwanza na mara ya pili. Aliporudi alisimama mlangoni muda mrefu akitazama chini, kwenye kizingiti.

Pale kizingitini kulikuwa na nazi tatu. Rafiki yake Sefu aliyefanya kazi kwenye treni alikuwa amemletea gunia la nazi kutoka pwani kwa ajili ya Idi, na hizo ndizo zilizosalia. Sefu aliziweka pale tangu mama alipomwaga maji ya kwanza, akamtuma Mama Yohana aseme kwamba kwao mtu aliyekaukiwa hupewa maji ya dafu, na kwa kuwa madafu bara hakuna, hata ya nazi kavu yatafaa. Yana sukari kidogo na chumvi kidogo, na tumbo lililokataa kila kitu huyakubali. Mama alikuwa hajawahi kuona nazi. Alizisogeza kwa mguu kila alipofagia. Ana haki: kitu kigumu, cha kahawia, chenye manyoya kama kichwa cha nyani.

Sasa alimwita Mama Yohana. "Hiki kitu cha mkwe wangu, maji yake yamechotwa na nani?"

"Hayajachotwa, mama. Yamo humo tangu juu ya mti."

"Nzi hajaingia?"

"Atapita wapi?"

Mama alichukua nazi ya kwanza, akaiweka juu ya jiwe la kusagia, akainua mchi wa kinu kwa mikono miwili, akaipiga kama anatwanga mtama. Nazi ilipasuka vipande vipande, na maji yakaruka yakamwagika sakafuni. Sakafu yetu ilikuwa ya udongo. Iliyanywa kwa pupa mbele ya macho yangu. Nilitaka kuilamba, mama akanishika mabega.

Ya pili aliipiga kwa shoka, taratibu zaidi. Hiyo ilikuwa imeoza. Maji ya kijivu yalibubujika na harufu ikajaa chumba, harufu ya panya aliyefia darini, na ukitaka kujua ilikuwa mbaya kiasi gani, ilishinda ya debe langu. Mama alijiziba pua. "Ndicho wanachokunywa watu wa mumeo?" aliniuliza, na nakuambia kweli, japo nilikuwa nakufa niliona aibu kwa ajili ya Pangani nzima.

Ikabaki moja. Aliiweka juu ya jiwe, akainua mchi. Akaushusha. Akaigeuza nazi huku na huku akitafuta mdomo wake, akaitikisa, akasikia maji yakicheza ndani, wala hakujua yanatokea wapi. Akanitazama mimi. Kisha akatazama nje, ambako Sefu alikuwa amekaa na mgongo wake wa siku zote, maana siku hiyo hakwenda kazini.

Mama yangu alivua kaniki kichwani. Mlango ulikuwa wazi, nikaona yote. Alitembea uani akikwepa tope la choo, akapita mafiga, wanawake wa safu nzima wakiacha walichokuwa wakifanya. Alizunguka akasimama mbele ya Sefu, usoni kabisa, akamnyooshea nazi kwa mikono miwili. Sefu aliinamisha macho haraka. Mama hakuondoka. Alingoja mpaka akayainua. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache ya gulioni, akatafuta moja linalofaa.

"Fungua," alimwambia.

Sefu alipokea. Aliitikisa karibu na sikio, akainusa. Akaingia chumbani, mama nyuma yake, wote wawili chini ya bati moja pamoja nami na debe langu. Aling'oa msumari wa mlangoni uliokuwa ukitundikiwa koti lake la kazi, akaupitisha kwenye moto, akaipapasa nazi kichwani palipo na macho matatu, akachagua lile laini na kulitoboa. Akatoboa na la pili ili hewa ipite. Maji yakatiririka ndani ya kikombe cha bati, wala halikudondoka tone. Mama aliinama kutazama tundu lile dogo. Aliguna.

Yeye aliniegemeza mgongo, Sefu akanishika kichwa.

Watu wanadhani nitasema yalikuwa matamu kama asali. Yalikuwa mabaya. Yalikuwa vuguvugu, utamu wake hafifu, chumvi yake hafifu, na kwa nyuma yake mafuta mafuta, kama jasho la mtu lililotiwa sukari. Yalinichefua tangu funda la kwanza. Sefu alinipa kidogo kidogo, akisubiri, akinipa tena, huku wote watatu tukilitazama tumbo langu kama watu wanaotazama sufuria wakidhani itachemka na kumwagika. Halikumwagika. Maji yalikaa.

Jua lilipoinama nilikojoa. Kidogo, rangi ya chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, nao ulinuka vibaya sana. Mama alipiga kigelegele. Mama Yohana akapokea kutoka chumba cha pili kabla hajajua kinachoshangiliwa.

Sitakudanganya kwamba kikombe kimoja cha nazi kavu kiliniponya. Kilichofanya ni kumwonyesha mama yangu kwamba kitu cha majimaji kinaweza kuingia ndani ya mtu mwenye kuendesha na asife. Usiku huo huo aliruhusu maji yaliyochemshwa, kisha uji mwembamba wenye chumvi, kisha maji ya wali. Vidonge vile vyeupe navyo vikaacha kurudi, kwa kuwa sasa vilikuwa na cha kuvisukuma. Watu walipokuwa wanapalilia niliweza kwenda vichakani kwa miguu yangu, na hilo nililiona fahari kubwa.

Nywele zilikatika, zikatoka kwa mafungu. Kucha zikaota zina mifereji. Sefu alimwagiza yule rafiki yake wa treni alete nazi zaidi, na madafu kama yanapatikana. Madafu yalifika Mwanza yamechacha, ukiyatoboa yanapiga chafya. Nazi zilifika salama, na mpaka mavuno nilikuwa napewa kikombe kila siku na nyama yake nikitafuna, na nguvu zikarudi, mashavu yakarudi. Nilikunywa nimeshika pua. Nikwambie uliye na mgonjwa: yanywewe pale pale yanapotobolewa, maana yakilala yanaharibika, nusa kwanza, usiyamwagie kwenye kikombe kichafu, na usimwache mgonjwa nyumbani ukidhani nazi inashinda zahanati. Na kama huna nazi, huna udhuru wowote. Mpe maji yaliyochemka, mpe uji. Mpe.

Mama na Sefu hawakuonana tena. Kesho yake tu mama alijifunika kama kawaida, Sefu akakohoa kutoka mbali kama kawaida, na neno lile moja ndilo pekee alilomwambia mkwewe maisha yake yote. Siku ya kuondoka alipanda lori kichwa kimefunikwa. Jioni Sefu alitaka kutundika koti lake, msumari wa mlangoni haupo. Tuliutafuta chini ya mkeka, hatukuuona.

Miaka mitatu baadaye nilikwenda Mhunze kumsalimu. Sikumkuta kwake; aliitwa kwa jirani ambako binti alikuwa akiendesha. Nilifuata harufu, naijua. Ndani walikuwa wanawake wanne wamekaa kuzunguka mkeka, na binti katikati yao midomo imepasuka, macho yamezama. Kwenye kona kulikuwa na mtungi umefunikwa. Mama yangu alikuwa amesimama, anabishana.

"Maji yanaulisha," mmoja wao alisema.

"Hata mimi nilisema hivyo," mama alimjibu. "Nikamwona mwanangu anakunywa maji ya karai nililomwoshea mavi."

Wale wanawake walikunja nyuso. Mmoja alitema mate. Nilikuwa mlangoni, wote wakanigeukia, na uso wangu ukawaka moto. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na karai langu.

Mama hakunionea huruma. Alifungua pindo la kaniki yake, akatoa msumari, umeshika kutu, akauweka juu ya mkeka mbele yao. Mhunze hakuna nazi. Hakuna aliyejua msumari ule ni wa nini. Alikwenda mwenyewe kwenye mtungi, akaufunua, akachota kwa kibuyu, akamimina sufuriani, akabandika jikoni. Yakachemka, akayapoza, akanywa yeye kwanza ili waone. Kisha akanipa mimi kibuyu.

"Mnyweshe wewe," alisema. "Unajua kiu yake."

Nilipiga magoti kwenye uvundo ule, nikamwinua yule binti kichwa.